Kazi ya Makokha Hairudi

Makokha alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni sifa. Pombe hakunywa, wake za watu hakufuata, na kanisani alikaa mstari wa mbele. Lakini mtu akimwambia kwamba waya aliyoiunga yeye imeachia, siku hiyo chakula hakikupita kooni. Katika uwanja wa mafundi pale Kitengela, nyuma ya maduka ya mbao, alijulikana kwa maneno matatu aliyoyasema kila siku ya Mungu: kazi yangu hairudi. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwaka wa kumi na nne huu tangu atoke Webuye, na kusema kweli kazi yake haikuwa ikirudi. Watu wa namna hiyo ndio hawavumiliki kabisa, maana huna pa kuwashikia.

Jumanne moja asubuhi iliingia van nyeupe iliyochoka, ya kubeba viti na mahema ya harusi na matanga. Mwenye gari aliitwa Gakuru, mnene, miaka arubaini na kitu, miwani ya jua juu ya paji la uso. Kwenye kiti cha nyuma yake alikaa mama mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, amekumbatia kibeti chake kwa mikono miwili. Makokha alimwamkia, mama akaitikia. Gakuru hakujisumbua kusema ni nani.

"Fundi, hizi loki zimekufa milango yote," alisema. "Nataka nikibonyeza hapa kwa dereva, zote zifunge. Na huu mlango wa kusukuma, hicho kidude cha kuvuta juu ukiwa ndani, kikate. Mtu akiwa ndani asifungue."

"Unabebanga watoto, boss?"

"Nabeba wasumbufu. Na ni leo. Saa nane niko na wakili Kajiado." Akamtazama Makokha kuanzia viatu kwenda juu. "Kuna fundi mwingine alinizungusha hapa wiki mbili. Mtu wa kwenu. Maneno mingi, kazi hakuna."

"Boss, mimi kazi yangu hairudi."

"Tutaona. Huyo mami asishuke. Akitaka choo, niite." Akavuka hadi kwenye hoteli ya ng'ambo, akaagiza supu, na akachagua kiti kinachotazama geti la uwanja. Geti lilikuwa hilo moja tu.

Makokha akaanza kazi akiwa amenuna. Alifungua kava za milango, akazitoa mota za loki moja moja, akazipima kwa taa yake ndogo. Mbili zilikuwa zimeshika kutu tu. Alizisugua kwa msasa, akazipaka grisi, zikaamka. Ya tatu waya ilikatika pale mlango unapojikunja, akaiunga. Kazi ilikuwa kwenye mlango wa kusukuma. Mlango huo hauna waya inayoingia ndani. Hupata umeme ukifungwa tu, vifungo vya shaba vikigusana na vingine kwenye nguzo ya gari. Alivisafisha vifungo, umeme ukafika, lakini mota ilibaki kimya. Akaichana ganda lake kwa wembe kwenye mshono, akatoa moyo wake mdogo unaotoshana na betri ya tochi, akaona kaboni zimeliwa zikaisha.

Alikuwa na kopo lake la mota za maiti, kama alivyoziita. Akatafuta humo moyo mzima, akauhamishia kwenye ganda la mteja, akalifunga kwa gundi. Haya yote aliyafanya amechutama mlangoni, na yule mama alikuwa juu yake kwenye kiti, akiangalia kila alichokishika.

"Hiyo kitu kidogo hivyo ndiyo inafungia mtu?" aliuliza mama.

"Ndiyo, mama. Hii inazunguka, inasukuma hii rodi, rodi inaenda kwa loki." Makokha alipenda sana kuulizwa mambo ya kazi yake, na kununa kukamtoka hapo hapo. "Kila kitu iko kwa hii klipu. Rodi ikitoka kwa klipu, mota inalia tu bure. Unasikia tak, unafikiri umefungiwa, kumbe mlango uko wazi."

Mama akatupa jicho kule hotelini. Kisha akainama hadi kitambaa chake kikakaribia kichwa cha fundi.

"Kijana wangu, uko na mama?"

"Alituacha mwaka jana."

"Pole. Mimi naitwa Rahab. Huyo anakunywa supu ni mtoto wangu wa kwanza, na leo ananipeleka Kajiado nikauze shamba yangu."

Akamweleza kwa sauti ya chini, bila machozi, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Shamba lilikuwa Entarara, ekari tatu zenye mfereji, na zamu yake ya maji ilikuwa Jumatano. Hati ilikuwa kwa jina lake. Gakuru alikuja kumchukua kwa ajili ya macho. Macho yalitibiwa wiki moja yakapona, na huu ulikuwa mwezi wa nne yuko Kitengela, analala kwenye chumba cha mahema, simu yake imefichwa, na Jumatano zote hizo maji yake yananyweshea vitunguu vya jirani. Mnunuzi alishapatikana. Kilichobaki ni sahihi yake mbele ya wakili. Mara mbili Gakuru alikuwa amemtia garini kumpeleka. Mara ya kwanza alifungua mlango kwenye matuta ya Isinya akashuka, akakamatwa kabla hajafika popote. Mara ya pili alishuka kwenye msongamano wa magari hapo hapo Kitengela. Gakuru akawaambia watu kwamba mama yake amerukwa na akili, nao wakamsaidia kumrudisha, kwa sababu bibi wa miaka sabini na mbili anayeruka kutoka kwenye gari nani atamuuliza upande wake wa hadithi.

"Nikitia sahihi leo sina kwangu tena," alisema Rahab. "Nitakufia kwa hiyo store yake, katikati ya viti za matanga. Niachilie hiyo rodi."

Makokha alitazama ng'ambo. Gakuru alikuwa akipasua mfupa kwa meno. Yale maneno ya Gakuru, "mtu wa kwenu", yalikuwa bado yanamwasha kifuani, na sasa hapa alikuwa amepewa nafasi ya kumchezea mtu yule bila mwenyewe kujua, tena kwa ufundi. Usifikiri ni huruma peke yake iliyomsukuma.

"Nitakuachia," alisema. "Kidude cha juu nitakata, asione kitu. Lakini wewe ukivuta hii handle, utatoka."

Rahab akamwomba simu. Alijua namba moja kwa kichwa, ya Ciku, mtoto wa dada yake anayemwita Tata, mwenye duka la dawa za mifugo pale Isinya. "Ciku, ni mimi. Saa saba hivi. Simama kwa matuta, mbele ya duka yako. Nikishuka unishike mkono tukimbie, unitafutie gari ya kwetu." Akarudisha simu, akamshika Makokha kiganja chenye grisi, akakibonyeza. Makokha akajiona mtu mkubwa sana. Alirudishia kava akipiga mluzi.

Kufikia saa sita kazi ilikuwa imekwisha. Gakuru akaja, akakaa kwa dereva, akabonyeza. Tak, milango yote ikalia pamoja. Akabonyeza tena, tak. Akageuka nyuma, akatazama pale kidude kilipokuwa, akaona tundu tu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sawa. Iko sawa. Nimeridhika, fundi. Wacha twende."

Na hapo mambo yangeishia. Mteja ameridhika, mama yuko kitini, Ciku yuko dukani kwake anangoja saa saba. Kilichohitajika ni Makokha kufunga mdomo wake na kunawa mikono.

Lakini uwanja ule ulikuwa na desturi yake, nayo waliiita kufungiwa. Gari likitengenezwa loki, fundi mwingine huingia ndani, hufungiwa, na uwanja mzima husimama ukitazama kama atatoka. Akitoka, aliyetengeneza hununulia wote chai na mandazi kwa Naisula, muuza chai wa uwanja, na kwa mwezi mzima jina lake huwa Mlango Wazi. Asipotoka, yeye aliyefungiwa ndiye hununua. Hakuna mteja aliyewahi kuiomba desturi hiyo, na hakuna fundi aliyewahi kuikwepa.

"Ah, ah, ah! Inaenda wapi bila kufungiwa?" Alikuwa Melvin, fundi wa breki, kijana mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake. "Makokha, leo vipi? Umeogopa?"

"Boss ako na haraka," alisema Makokha.

"Haraka gani, buda? Ni dakika moja! Wasee, kujeni muone! Kazi ya Makokha imerudi kabla haijaenda!"

Wakacheka wote. Walicheka wa bodi, walicheka wa rangi, akacheka na Naisula huku birika likiwa mkononi. Hata Gakuru akacheka, ijapokuwa hakuelewa. Makokha akasikia damu ikimpanda masikioni. Miaka kumi na minne. Mlango Wazi, yeye! Na kitakachowachekesha hakitakuwa kosa, kitakuwa kitu alichokifanya kwa makusudi, kwa akili, wala hataweza kumweleza yeyote.

Akajiambia maneno ambayo kila mwoga hujiambia: ni kwa muda tu. Nitairudisha rodi, Melvin aaibike, halafu nitasema nimesahau bisibisi ndani ya mlango, nifungue kava, niitoe tena. Dakika tano.

"Ngoja," alisema. "Kuna skrubu moja sikukaza."

Akafungua pembe ya kava, akaingiza mkono, akaisukuma rodi kwenye klipu. Ilikaa vizuri. Hata katika hali ile alisikia raha ya kitu kinachokaa mahali pake.

Rahab aliteremshwa, Gakuru akamshika kiwiko. Melvin akaingia, mlango ukasukumwa, Gakuru akabonyeza kwa dereva akatoka na ufunguo. Melvin akavuta. Akavuta tena kwa mikono miwili. Akaupiga bega, akaanza kutukana kwa Sheng nyuma ya kioo, na uwanja ukalipuka kwa vicheko. Alipofunguliwa shati lilikuwa limelowa jasho. "Nimekubali!" alisema. "Hiyo ni jela, si gari!" Naisula akaanza kumimina chai, na watu wakampiga Makokha mabegani, naye akawa anasema "si niliwaambia" kwa kila mtu, hata kwa wale aliokuwa ameshawaambia.

Rahab hakucheka. Alikuwa ameona mlango ukimshinda kijana mwenye misuli. Akamtafuta Makokha kwa macho katikati ya watu, na Makokha akamkonyeza, akampa ishara ya mkono: ngoja kidogo, itakuwa sawa. Basi mama akamwamini. Gakuru alipomwambia "Mami, panda," alipanda taratibu bila kelele, yeye ambaye asubuhi ile walikuwa wamemwingiza watu wawili.

Makokha akaweka kikombe chini, akaokota bisibisi. "Boss, nipe dakika moja kwa huo mlango."

"Ya nini? Nimeona na macho yangu." Gakuru alikuwa amechangamka. "Wewe ni fundi. Ingia, twende wote. Barabara iko na mashimo, nataka nione kama itashikilia. Na tuko wenye van ishirini kwa chama yetu, nitakuambia njiani nani anahitaji kazi."

Van ishirini! Makokha akaingia. Akakaa kando ya Rahab, bisibisi mfukoni, akijiambia atapata nafasi njiani. Tak, milango ikafunga.

Gakuru alikuwa na kioo cha katikati alichokigeuza kumwangalia mama yake, na ndani ya kioo hicho Makokha alimwona akiwatazama wote wawili. Walipita viwanda, wakapita mashamba yaliyozungushiwa mawe, wakapita ng'ombe waliokonda kando ya lami. Gakuru alihesabu majina ya wenye van. Rahab alikuwa ameshikilia handle ya mlango tangu waondoke, kibeti kimeifunika. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja zamu yake hospitalini.

Isinya ilipokaribia, Makokha alijua kabisa la kufanya. Wala halikuwa jambo gumu. Angesema tu: boss, nasikia loki ya huku inalia vibaya, simama kidogo niiangalie. Gakuru angesimama, mlango ungefunguliwa, na mama alikuwa na miguu. Maneno yale yalimfika hadi kwenye ulimi. Lakini yalimaanisha kumwambia mteja, na kupitia yeye wenye van ishirini, kwamba kazi aliyoimaliza saa moja iliyopita imeanza kusumbua. Alifungua mdomo. Akaufunga.

Matuta yakafika. Gari likapunguza mwendo hadi karibu kusimama. Mbele ya duka la dawa za mifugo alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, ameshika leso na chupa ya maji, na alipoiona van nyeupe akashuka hadi ukingo wa lami akanyoosha mkono.

Rahab akavuta.

Akavuta mara ya pili, kwa nguvu, kibeti kikaanguka. Mara ya tatu hakuvuta sana. Aligeuza kichwa akamtazama Makokha. Makokha akatazama simu yake, na papo hapo simu ikaanza kulia mkononi mwake. Ilikuwa namba ya Ciku. Nje ya kioo Ciku alikuwa anatembea haraka kando ya gari, simu sikioni, akipiga kioo kwa vidole. Gakuru hakumtambua, au alimtambua akapuuza. Alikanyaga mafuta, na yule mwanamke akabaki nyuma na chupa yake.

"Si upokee simu, fundi," alisema Gakuru.

"Ni mteja tu," alisema Makokha, akaikata.

Ililia tena, akaikata tena. Mara ya tano akaizima sauti. Aibu ilikuwa imemjaa hadi machoni, na bado, Mungu amsamehe, kuna pembe moja ndani yake iliyokuwa inapima jinsi mota ilivyoshikilia kwenye matuta bila kutikisika.

Ofisi ya wakili Kiama ilikuwa ghorofani, juu ya duka la nguo, mjini Kajiado. Karatasi zilikuwa tayari mezani. Shahidi wa Gakuru hakuwa amefika, simu yake haipatikani, na wakili akatazama saa.

"Huyu ni nani?"

"Ni fundi wangu."

"Ako na kitambulisho? Basi atatosha."

Makokha akatoa kitambulisho. Hakuna aliyemlazimisha. Alijikuta tu amekitoa, jinsi mtu anavyotoa anapoambiwa atoe.

Wakili akamgeukia mama. "Shosho, umekuja hapa kwa hiari yako? Hakuna mtu amekulazimisha?"

Rahab alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki. "Muulize fundi," alisema.

Wote wakamtazama Makokha. Ilikuwa nafasi yake ya pili siku hiyo, na ni wangapi hupewa ya pili. Akasafisha koo.

"Tumefika salama," alisema. "Hakukuwa na shida yoyote."

Kiama akaandika kitu. Rahab akasema hatii sahihi. Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kikuyu, akasema shamba ni lake na Jumatano ni zamu yake ya maji. Wakili akaweka kalamu chini, akasema bila sahihi hakuna la kufanya, wazungumze kwanza kama familia. Gakuru hakukasirika hata kidogo. Alimsogelea mama yake, akaongea naye taratibu, karibu kwa upendo.

"Sawa, mami. Tutarudi nyumbani. Kesho nikulete tena. Alhamisi nikulete tena. Mimi sina haraka. Saa hii gari inafunga."

Mama akatazama kalamu kwa muda. Mtu anaweza kusimama imara akijua kuna mlango mahali fulani. Huyu alikuwa ameshauvuta mara tatu. Akaichukua kalamu akaandika jina lake polepole, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa Sunday school, na chini yake Makokha akaandika la kwake.

Gakuru alibaki juu na wakili kumalizana. Makokha akamshusha mama ngazi kwa kumshika mkono, na mama hakuuondoa mkono wake, jambo lililomuumiza fundi zaidi ya kutukanwa. Mlango wa van ulikuwa wazi, hata ufunguo ulikuwa umeachwa. Hakuna aliyekuwa akijali tena kama umefungwa.

Simu ikatetemeka. Makokha akaona simu kumi na moja ambazo hazikupokelewa. Hii akaipokea, kwa kuwa alishindwa kuvumilia.

"Tata yuko wapi?" Ciku alikuwa analia. "Nimesimama hapa tangu saa saba, alisema atashuka! Ulimfanya nini?"

"Madam, ni loki," alisema Makokha. "Loki ilisumbua. Ilikwama tu, si mimi."

Rahab akanyoosha mkono, akachukua simu polepole kutoka sikioni mwake.

"Haikusumbua, Ciku," alisema. "Huyu fundi ni mzuri. Kazi yake iko sawa kabisa, sijaona mlango umeshika hivyo. Funga duka uende kwako, jua ni kali."

Akampa Makokha simu yake, akapanda, akauvuta mlango mwenyewe.